Tembo Alivyomdhamini Dalali wa Mnada

Paukwa!

Pakawa!

Ah, sauti za kuku wagonjwa hizo! Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale wanyama walikuwa wafugaji, na walikuwa na mnada wa ng'ombe. Sheria ilikuwa moja: dalali hapigi mnada bila mdhamini. Kwani muuzaji humkabidhi dalali ng'ombe kwanza, malipo huja baadaye. Dalali akitoroka, mdhamini hulipa.

Mbweha akataka udalali. Akatafuta mdhamini, huku hapana, kule hapana. Akamlilia Tembo, Tembo akamhurumia. Akasimama mbele ya baraza, akasema, "Namdhamini. Naweka dhamana kisima changu." Akakanyaga udongo mbichi, du! Unyayo ule ndio sahihi yake.

Kiangazi kikaja. Kiangazi hicho, jamani! Mto mchanga mtupu. Mama Pimbi, mjane wa majabalini, mfupi hata nyasi zinamzidi, alikuwa na watoto watatu na ng'ombe mmoja. Watoto wanalia njaa. Akampeleka ng'ombe mnadani.

"Nani zaidi? Nani zaidi?" Mbweha akanadi. Ng'ombe akanunuliwa kwa magunia sita ya mtama.

"Mama, mtama wako njoo uuchukue kesho."

Kesho yake, Mbweha hayupo. Mtama haupo. Kampakia punda, huyoo!

Mama Pimbi akashika kichwa. "Wanangu watakula nini?"

"Si kuna mdhamini?" akasema jirani yake, Kanga.

"Tembo? Nani amdai Tembo? Akipiga chafya tu, mimi sipo!"

Lakini uchungu wa mwana, aujuaye mzazi. Akaenda.

Akamkuta Tembo kisimani. Alikichimba mwenyewe mtoni kwa pembe zake, na nchi nzima maji yalikuwa hapo tu. Mama Pimbi akamsogelea.

"Shikamoo, Babu Tembo."

"Marahaba."

"Mbweha ametoroka na mtama wangu."

Masikio ya Tembo, pwa, pwa. Wanyama wote waliopanga foleni ya maji wakabana pumzi.

"Nilikanyaga udongo?"

"Ulikanyaga, Babu."

"Basi kisima ni chako. Anayekunywa akulipe mtama, mpaka magunia sita yatimie."

Akarudi nyuma. Hatua moja. Mbili. Tatu. Akayaacha maji yake mwenyewe, akaenda kusimama mwisho wa foleni, nyuma ya Panya. Jamani, mwili unanisisimka hata mimi ninayesimulia. Mlima mzima unangoja zamu!

Jua likawaka. Pundamilia akanywa, akalipa. Panya akanywa, akalipa. Zamu ya Tembo ikafika. Akainama mpaka mkonga ukalala mchangani mbele ya yule mjane.

"Hodi, Mama Pimbi. Nimeleta kibaba changu cha mtama. Naomba kunywa."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekohoa. Mama Pimbi machozi yakamtoka.

"Karibu, Babu," akasema.

Basi, wakubwa kwa watoto, sikieni: ukimdhamini mtu, deni lake ni lako. Na mkubwa ni yule anayelipa bila kushurutishwa. Hadithi yangu imeishia hapo kisimani. Mwenye kiu na akanywe.