Leso Moja, Lenzi Fupi

Hapo zamani, wakati kichwa changu bado kilihitaji kitana, kulikuwa na mwimbaji wa taarabu kule Tanga, Bi Mwanamvua. Miaka thelathini aliimba, na hakuwa na picha hata moja aliyoipenda. Kila flashi ilipowaka, alifumba macho. Picha kumi na moja ukutani kwake, na zote kama mtu aliyelala wima.

Akaniita.

"Mwanangu, Jumapili alasiri naimba mara ya mwisho. Nimepasuliwa jicho, daktari kakataza flashi. Nataka picha moja niko macho, wajukuu wajue bibi yao alikuwa anaona."

"Umefika, Bibi," nikajigamba. "Nimepiga picha Muscat, Bujumbura, hadi Moroni!" Sikumwambia kwamba Moroni nilipiga mbuzi tu.

Nikaenda dukani kwa Sikudhani, muuza kamera. Nikaomba lenzi ndefu kuliko zote, ya kumvuta mwimbaji mimi nikiwa nimekaa zangu nyuma ya ukumbi. Sikudhani akacheka mpaka akashika meza.

"Ukumbi ule una taa mbili, na moja inakonyeza. Bomba hili tundu lake jembamba, linanyonya mwanga kwa mrija. Utapata mzuka, si Bi Mwanamvua."

"Dada, mimi nimezunguka dunia!"

"Basi hukujifunza kitu njiani, kaka. Gizani tafuta lenzi fupi yenye tundu pana. Haivuti, utavuta miguu mwenyewe. Mimi sina, na hili bomba sikuuzii."

Bomba lenyewe lilikuwa limekaa dukani mwaka mzima bila mnunuzi, na mimi hapo nimeshika pesa mkononi. Akakataa katakata.

Lenzi aliyoisema ilikuwa moja tu mjini, kwenye kamera ya Hemedi, mpiga picha za harusi. Na Jumapili hiyo hiyo Hemedi alikuwa na harusi ya ukumbini. Akanitazama, akaitazama lenzi.

"Mama alinibembeleza kwa nyimbo za yule bibi," akasema, akaichomoa. Harusi ikaenda kwa mpinzani wake.

Sasa, taarabu mnaijua. Wimbo ukinoga, akina mama huinuka kwenda kumtunza mwimbaji, wanacheza taratibu, kila mmoja na noti yake. Nami na lenzi isiyovuta ilinibidi nisimame hatua tatu mbele yake. Nikaona migongo. Nikaona mabuibui. Nikaona migongo tena. Wimbo wa mwisho ukaanza, nami sijapata hata kidole cha Bi Mwanamvua.

Mbele kabisa ya foleni alikuwa Bi Kidawa, shabiki ambaye hakuwahi kukosa onyesho. Akaniona ninavyorukaruka kama chura.

"We kipara mtarajiwa, pita!"

Akageuka, akatanua mikono na kanga yake, akawakabili wenzake. "Anayetaka kupita, anikanyage kwanza!"

Wimbo wa mwisho wa kipenzi chake akausikiliza akiwa ameupa kisogo, noti yake ingali kiganjani.

Nikapiga.

Bi Mwanamvua alipoiona picha, aliisogeza karibu na uso. Macho yake yalikuwa wazi, yanang'aa, leso yake ya mkononi imepaa juu ya kichwa.

"Kumbe nilikuwa hivi," akasema.

Akanikabidhi leso ile ile, aliyoishika jukwaani miaka yote thelathini. "Mpe aliyenipatia picha hii. Usiikate vipande. Na usijipe wewe, nakujua."

Nikawaita wote watatu.

Sikudhani akasema, "Bila mimi, huyu angekwenda na bomba. Nilikataa kuuza nilichokuwa na hamu ya kukiuza."

Hemedi akasema, "Bila mimi, angekwenda na ushauri mtupu. Ushauri haunasi mwanga."

Bi Kidawa akasema, "Bila mimi, lenzi yako ingepiga mabuibui. Nanyi mtauza tena, mtapiga harusi tena. Mimi wimbo ule nitauona wapi?"

Nikawapikia pilau. Nikawashukuru mpaka wakachoka. Pilau ikaisha, leso haikuondoka mfukoni mwangu.

Nywele nazo zimekwisha, leso bado ninayo. Kila nikienda kumsalimu Bi Mwanamvua, huitazama picha yake ukutani, akatabasamu, kisha akautazama mfuko wangu. Kesho nakwenda tena.

Haya, ninyi mliokaa hapo mnanicheka: leso hii nimpe nani?