Nguchiro na Vibarua vya Siku Arobaini

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wakubwa huko nyuma, midomo mmeiazima? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Sasa nimewasikia.

Hapo zamani, kale kabisa, wanyama walipokuwa na ajira zao, alikuwako Nguchiro. Mjane. Mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu. Nyumba hana. Alilala kwenye kibaraza cha wifi yake, Kicheche. Na huyo Kicheche, mimi sipendi kusema watu, lakini maneno yake yalinuka kuliko mkia wake.

Kila siku ni hayo kwa hayo. "Wifi, mvua zikianza, kibaraza changu nakitaka. Tafuta kazi ya maana, upate kwako."

Kazi ya maana ilikuwa kwa Chifu Nyati. Ukiajiriwa moja kwa moja, unapewa na kichuguu cha kuishi, chenye vyumba vitatu. Nguchiro akaenda. Mlangoni akamkuta Korongo, kasimama kwa mguu mmoja.

"Nafasi hakuna, bibie," akasema Korongo. "Huu msimu wa tatu nangoja ajira ya kudumu."

"Na vibarua je, kaka?"

"Kibarua? Mtu kama mimi?"

Basi, siku zile mama akijifungua alikaa ndani siku arobaini. Kazi yake nani ataishika? Mama Hondohondo, mpiga mbiu wa Chifu, alikuwa anaingia kutaga. Na Hondohondo mnamjua: huingia kwenye tundu la mti, akaziba mlango kwa udongo, akabakiza upenyo wa mdomo tu. Nguchiro akaishika kazi.

Kulipokucha akapanda juu ya jiwe, akaita. Kwiii! Wanyama wakacheka. Hakuja hata mmoja.

Mdomo ukachomoza tunduni. "We mwanamke! Unaita, au umebanwa na mlango? Anza na walio mbali! Tembo mwite polepole, hapendi kelele. Nyumbu waite mara tatu, wasahaulifu hao!"

Nguchiro akaita, akaita, akaita. Siku ya kumi Tembo akageuza sikio. Siku ya ishirini Nyumbu wakaja. Siku ya arobaini Hondohondo akabomoa udongo, akatoka na vifaranga vyake. Nguchiro huyo, akarudi kibarazani.

"Umefukuzwa?" Kicheche akauliza, kwi kwi kwi.

"Siku zimekwisha, wifi."

Akashika kazi ya Mama Kanga, mgawaji wa mtama ghalani. Kanga alikuwa anaatamia. Huko ndiko alikojua mambo! Fisi alikuwa anapanga foleni mara mbili, ya pili kajipaka majivu usoni. Na Mama Pundamilia, yule anayekula punje tatu mbele za watu... Haya, nanyamaza, kuna watoto.

Siku ya thelathini na tisa Kicheche akaja mbio. "Wifi, mbona mjinga hivyo! Mwambie Chifu ulilikuta ghala lina wadudu, Kanga mvivu. Nafasi yako, kichuguu chako!"

Mawingu yameshakusanyika. Kibaraza kimebaki siku chache. Tamaa ikamkaba, siwafichi. Akatoka, akaenda, akaenda, mpaka mlangoni kwa Chifu. Akasimama. Akageuka. Akarudi ghalani, akafagia, akaosha kibaba.

Kesho yake Kanga akaja, vifaranga kumi na mmoja nyuma.

"Shoga, kibaba chako hiki. Fisi huja mara mbili, mtazame miguu."

Mvua haikunyesha. Mawingu yakapita, likaja jua, jua, jua. Bwawa likakauka, likabaki dimbwi. Wanyama wakalikimbilia, tititi! tititi! Swala wawili wakakanyagwa. Msimamizi wa maji, Mzee Kiboko, akasema, "Maji haya hayafiki hata kwenye tumbo langu. Naacha kazi." Akaenda zake.

Na asubuhi hiyo hiyo, Kicheche kautupa mkeka wa Nguchiro nje. Jua kali, mvua hamna, lakini kautupa.

Chifu Nyati akatoka. "Nani atawanywesha hawa bila kuvunjana mbavu? Kazi ya kudumu ni yake, na kichuguu ni chake."

Korongo akaruka mbele. Akakohoa. Akahutubia habari za nidhamu. Tititi! Wakampita, wakamjaza tope mpaka utosini.

Nguchiro akapanda juu ya jiwe. Akaanza na walio mbali. "Swala wenye watoto, kuliaaa! Nyumbu, ngojeni! Nyumbu, ngojeni! Nyumbu, ngojeni!" Akamwita Tembo polepole, kama anayemwamsha mtoto. Fisi akanywa, akazunguka, akarudi na tope usoni.

"Bwana Fisi, miguu hiyo nimeshaiona leo."

Wanyama wakaangua kicheko. Fisi akatafuta njia. Wakanywa wote, hata Kobe, na dimbwi halikuchafuka.

Chifu akamtazama. "Wewe si yule wa vibarua?"

"Ndiye mimi, Chifu."

"Nani anakujua?"

"Mimi," akasema Hondohondo. "Alinishikia kazi yangu, akanirudishia."

"Na mimi," akasema Kanga. "Nililikuta ghala limefagiwa."

Basi. Nguchiro akachukua mkeka wake, akaingia kichuguuni kwake. Chumba cha kwanza, akalia. Chumba cha pili, akacheka. Chumba cha tatu, akalala.

Alipoamka akampitia Korongo, bado anajikwangua tope. "Kaka, Mama Pofu, yule swala mkubwa wa pembe ndefu, kajifungua. Wanatafuta wa kumshikia kazi siku arobaini."

"Yaani kibarua?"

"Kibarua."

Korongo akameza mate. Shingo ndefu ile, mate yalichukua muda kufika.

"Ni upande gani huko?" akauliza.

Basi nyie mnaongoja kazi ya kudumu, sikieni. Kibarua cha siku chache kikija, kishike. Utajifunza usiyoyajua, na wasiokujua watakujua. Na ukishikishwa kazi ya mwenzio, mrudishie ikiwa safi.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye maji anipe, koo limenikauka.