Waziri Aliyewafungia Majirani Bahari

Soma hii taratibu, kisha mtumie mtu anayevutana na jirani yake.

Nchi mbili zilipakana baharini. Upande wa kaskazini kulikuwa na miamba yenye samaki wengi aina ya changu, na wavuvi wa kusini walikuwa wakivua huko tangu enzi za mababu, kwa mkataba uliosainiwa na serikali zote mbili.

Mkataba ulipofika mwisho, Waziri wa Uvuvi wa kaskazini, Mzamili, alikataa kuusaini tena. Samaki walikuwa wameanza kupungua na watu wake walikuwa wakipiga kelele. Siku hiyo hakuweza kukaa. Alizunguka ofisini, akafungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena.

Mwanasheria wake, Tunu, alimwambia, "Mheshimiwa, miamba ni yetu, sheria ya bahari inatupa mamlaka. Lakini sheria hiyohiyo inatutaka tukae na jirani, kwa sababu samaki ni wamoja."

"Mpaka ni mpaka, Tunu. Atakayevuka akamatwe."

Boti za doria zikatoka. Mashua za kusini zikarudishwa, nyingine zikakamatwa. Mwaka wa kwanza wavuvi wa kaskazini walijaza matenga, na waziri akashangiliwa kila alikopita. Hata hivyo hakutulia. Kila asubuhi swali lake lilikuwa moja: "Wamevuka?"

Mwaka wa tatu nyavu zilianza kupanda na majani matupu. Waziri akaongeza doria. Samaki wakazidi kuadimika.

"Wanaiba!" alifoka.

"Mheshimiwa," akajibu mkuu wa doria, "mwaka huu wote hatujaona hata ngalawa moja ya kusini."

Waziri hakuamini. Akamchukua Tunu, wakavuka mpaka kwenda kuwakabili wezi wao.

Walimkuta Bi. Mwanakheri, kiongozi wa wavuvi wa kusini, ufukweni. Alikuwa na shoka mkononi, akichonga boriti. Nyuma yake mashua zilikuwa zimepinduliwa, mbao zimeachana kwa jua.

"Shikamoo, mama," alisema Tunu.

"Marahaba, mwanangu."

Waziri hakungoja salamu ziishe. "Samaki wetu mmewapeleka wapi?"

Bi. Mwanakheri alimtazama, kisha akaelekeza shoka kwenye mashua. "Hizo ndizo zilizokuibia?"

Tunu alikuwa ameshateremka kwenye mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Alisimama ghafla. Palipokuwa na msitu wa mikoko, palibaki visiki na tope.

"Mheshimiwa, njoo uone," aliita. "Changu hawakulii kwenye miamba yetu. Wanakulia hapa, kwenye mizizi ya mikoko. Wakikomaa ndipo wanakuja kwetu."

Waziri alimgeukia yule mama. "Mmekata kutukomoa!"

"Kukukomoa?" Bi. Mwanakheri aliweka shoka chini. "Zamani mtu akigusa mkoko, sisi wavuvi ndio tuliomkamata. Tulijua samaki wetu wanalelewa humu. Ulipotufungia bahari, watoto wetu wakataka kula. Tukakata mikoko, tukauza boriti. Ungekuwa wewe ungefanya nini, Waziri?"

Waziri alitembea mpaka ukingo wa tope, akarudi, akaenda tena. Mwishowe akauliza kwa sauti ya chini, "Tukipanda upya?"

"Turudishie bahari kwanza. Mashoka tutayaacha siku hiyohiyo."

Mkataba ulisainiwa kabla ya mwezi kwisha, na safari hii mikoko iliandikwa humo pamoja na miamba. Watu wa kaskazini na wa kusini walipanda miche bega kwa bega, matope mpaka magotini.

Changu walirudi baada ya miaka saba. Mzamili hakuwa waziri tena. Wananchi waliokuwa wakimshangilia walikuwa wamemwondoa nyavu zikiwa bado tupu.

Funzo: Kabla hujamfungia jirani mlango kwa kuwa sheria inakuruhusu, hakikisha kwamba riziki yako haianzii kwake.