Mtungi wa Bi Mchwa

"Asali haikuhusu, fundi udongo wewe!"

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama wakikaa boma moja lenye ukuta wa udongo mwekundu, ndivyo Nyati alivyomfokea Bi Mchwa. Desturi yao ilikuwa moja: anayemgundua adui kwanza hupewa mtungi wa asali. Jana yake Fisi alitoboa ukuta. Bi Mchwa akaziba tundu, akapiga yowe, na walinzi, Nyati na Kifaru, wakaja wakamfukuza Fisi. Kisha asali wakaikumbatia wao!

"Yowe nilipiga mimi!"

"Kazi yako kuziba matundu," Kifaru akacheka. "Adui ni shughuli yetu wenye pembe."

"Wewe? Hata mkia wako huuoni!"

"Nenda kapige lipu, bibi!"

Bi Mchwa akarudi kwenye udongo wake. Alikuwa mdogo, si mjinga.

Adhuhuri Fisi akarudi. Kwaru, kwaru, kwaru! Akapenyeza kichwa. Bi Mchwa na dada zake, chapuchapu, wakamnatisha shingo kwa udongo na mate, wakamziba na mdomo. Jua likakausha. Ukuta ukavimba, mwekundu, wa moto. Safari hii hakuna aliyepiga yowe.

Bi Mchwa akawaendea walinzi, wakicheza bao.

"Shikamooni, mabwana. Leo kuna adui?"

"Hakuna!"

"Mnaapa mbele ya boma zima? Akiwepo, mtungi wangu."

"Twaapa! Pembe zetu zikatike!"

Bi Mchwa akaenda ukutani, akambandua Fisi udongo wa mdomoni.

"Uuuwiii! Nitoeni jamani, nakufa!"

Boma zima likaangua kicheko. Nyati na Kifaru wakatimka, puu! puu! puu!, wakamtwanga Fisi mpaka akang'oka na kipande cha ukuta shingoni.

Nanyi mnaonisikiliza, ndani ya damu yenu mna kina Bi Mchwa: chembe sahani, zile ndogo za kugandisha damu. Watu husema huziba jeraha, basi. Wapi! Hunata kwenye vijidudu, tena huziita chembe nyeupe, wale wapiganaji, waje mbio. Ndipo kidonda huvimba na kupata moto.

Askari asiyeitwa hulala, kwa hiyo mpiga yowe asidhulumiwe fungu lake.

Nyati akarudi akihema. Bi Mchwa alikuwa amesimama katikati ya mlango wa boma.

"Lete mtungi wangu."