Ua Lisilo na Jina

Hadithi inakuja, wanangu, ifungulieni mlango.

Mboza, bintiye Sikudhani, aliugua akawa hajitambui. Mvua za kwanza ziliponyesha, mama akapanda mlimani kutafuta ua la kumponya. Huko akakuta zimwi linalolinda maua.

"Litaje jina, ndipo uchume."

Akaona ua la samawati. "Kongwe."

"Hata mbuzi wanalijua! Siyo dawa."

Akaona jeupe kidimbwini. "Yungiyungi."

"Siyo dawa."

La tatu lilikuwa dogo, jekundu, limejificha chini ya jiwe. Sikudhani hakulijua.

"Hilo ndilo dawa," likasema zimwi, "ila halina jina. Lipe lile analokuitia mwanao. Lakini hatakuita hivyo tena, wala hatakujua." Likainama, likampangusa tope magotini. "Nenda ukafikiri kwanza, dada yangu."

"Nikifikiri, atakufa. Naliita Mama."

Akachuma, akakimbia nyumbani, akalichemsha, akamnywesha Mboza. Mboza akafumbua macho, akaketi, akaomba uji. Akaupokea kwa mikono miwili, kama mtoto aliyefunzwa adabu.

"Asante, shangazi. Kwenu ni wapi?"

Sikudhani akageukia jiko.

"Hapa hapa karibu. Puliza kwanza, usiungue."

Hadithi yangu imeketi hapo, haikuweza kuendelea.