Siku Melania Alipoazima Jino

Punje huulizwa kwa jino. Mmeisikia leo kwa binti yangu Yustina, alipomrudishia yule kijana gunia lake pale ghalani. Mkacheka, halafu mkaja kuniuliza nani aliisema kwanza. Aliyeisema ni mke wangu, marehemu Melania, na siku aliyoisema hakuwa na jino la kuulizia. Kaeni niwaeleze ilivyokuwa.

Sisi tulianza na kihenge kimoja nyuma ya jiko. Mimi shule niliacha darasa la tatu, mwenzangu la nne, kwa hiyo mkubwa wa kazi alikuwa yeye. Mahindi ya wenzetu yalibunguliwa kila mwaka, yetu yalikaa. Watu walidhani tuna dawa. Hatukuwa na dawa. Melania alitumbukiza mkono katikati ya gunia, akatoa punje moja, akaiweka kwenye gego la kulia, akauma. Ikilia ka, imekauka, ipite. Ikinyamaza, irudi juani. Hakumwonea mtu haya. Alimrudishia mama yangu mzazi debe lake, na nyumba yetu ikala ugali wa kununiana siku mbili. Ndipo watu wakambandika jina la Mama Jino.

Lakini waliocheka ndio waliokuja kuomba tuwawekee mahindi yao. Vihenge vikawa vitatu. Mdogo wangu Kasiani akachoma tofali, tukajenga ghala na kupanga chaga za mbao chini ili gunia lisiguse sakafu. Mwaka huo Melania akamwita mnunuzi wa mjini, Mzee Shabiri, aje achukue mahindi ya kijiji kizima kwa pamoja. Mzee akakubali, ila akasema akikuta gunia moja lenye ukungu anageuza malori yake na hatarudi tena. Kijiji kizima kiliweka jasho lake ndani ya ghala lile.

Sasa tulikuwa na mwenyekiti wa chama cha mazao, Gaudensi. Yeye na wakubwa wenzake walitaka kuwa wa kwanza kupeleka taarifa ya mavuno huko juu, basi wakaamuru shamba la chama livunwe mahindi yakiwa bado mabichi. Wakubwa ndivyo walivyo, hupeleka taarifa kwanza, mavuno yatajijua. Wakajaza magunia arobaini, wakayaandikia cheti kwamba yamekauka. Gaudensi alipopata habari kwamba Melania ameng'olewa gego zahanati, na ni gego lilelile, hakungoja. Malori yalitazamiwa kesho yake. Asubuhi akafika na mikokoteni ya ng'ombe, magunia yote arobaini, anataka yaingie pamoja na ya watu.

Mimi nilishafungua mlango. Sitawaficha. Nilipouona muhuri wa cheti, miguu ilinielekeza yenyewe. Melania akatoka ndani, shavu limeumuka kama andazi, akasimama mlangoni.

"Pole na gego, Mama Jino," akasema mwenyekiti. "Leo tutasoma karatasi tu. Muhuri huo hapo."

Melania akaupapasa muhuri kwa kidole. "Umekauka, Mwenyekiti," akasema, maneno yakitokea upande mmoja wa mdomo. "Sasa tuyaulize mahindi."

"Utayauliza kwa nini? Kwa ufizi?"

Wapakiaji wakacheka. Melania naye akacheka, akalishika shavu kwa maumivu. Akatumbukiza mkono kwenye gunia la kwanza, akatoa punje, akaifuta kwa kanga yake, akamnyooshea mwenyekiti.

"Niazime jino lako, baba."

Angefanya nini? Nusu ya kijiji ilikuwa uani. Akaitia mdomoni. Kila mmoja akatega sikio. Akauma. Kimya. Akauma tena. Kimya, na ulimi ukaanza kuchokonoa kilichonata. Kasiani akamuuliza kwa adabu kama alete na chumvi.

Uani hapakukalika kwa kicheko. Gunia la pili, kimya. La tatu, kimya. Punje ya nne akaikataa, akasema meno yake si mali ya chama.

"Cheti chako kimeandikwa vizuri, Mwenyekiti," Melania akamwambia. "Lakini punje huulizwa kwa jino."

Mimi ningemfukuza na mikokoteni yake. Melania akamtandikia maturubai. Mahindi ya chama yakamwagwa uani kwetu, yapigwe na upepo wa Julai, na mwenyekiti mwenyewe akapewa reki ya kuyageuza.

Kesho yake Mzee Shabiri akaja. Akadunga magunia hapa na pale, akatoa punje, akauma mbele yetu. Ka! Akahamia jingine. Ka! Kila ilipolia, akina mama walijibu kwa vigelegele, hadi mzee wa watu akawa anauma kwa madaha kama anayepigiwa ngoma. Malori yakajaa. Aliporudi wiki ya pili, ya chama nayo yalikuwa yanalia, akayachukua.

Mwenyekiti akaandika taarifa kwamba upimaji wa jino ameubuni yeye. Akapewa barua ya pongezi. Mimi mpaka leo jambo hilo linanikereketa. Melania aliposomewa barua ile alicheka mpaka akakaa chini, akasema niache, mahindi yanajua.

Na kweli. Mavuno yaliyofuata walikuja watu wa vijiji saba, mstari ukapita kisimani. Hakuna aliyengoja kuambiwa. Kila mmoja alitafuna punje yake mwenyewe kabla hajafika mlangoni, ka, ka, ka, mstari mzima, na aliyenyamaziwa na yake aligeuza baiskeli kwa hiari, akicheka, arudi kuanika. Hawakuja kwa barua ya mtu, wanangu. Punje huulizwa kwa jino.