Koti la Lutengano

Koti kitini si mtu kazini. Mmelisikia neno hilo leo kwenye simu, mkuu wa Tumsifu alipomruhusu afanyie kazi zake hapa nyumbani, mkacheka mpaka chai ikamwagika mkekani. Haya, wekeni vikombe chini. Mnataka kujua lilikotoka? Lilitoka Njombe, kwenye baridi inayong'ata masikio, na siku lilipotamkwa mara ya kwanza hakucheka mtu.

Palikuwa na ofisi ya kuchora ramani za viwanja, na mkuu wake aliitwa Bwana Mlowe. Hakuwa mtu mbaya, msije mkamchukia mapema. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda kuona migongo. Chumba chake kilikuwa na dirisha la kioo lililotazama ukumbi wa wafanyakazi, na kila alipoinua macho alitaka kuona viti vimejaa. Akiona kiti kitupu, hata chai haimpiti kooni.

Makao makuu wakaleta waraka kwamba mwenye kazi ya kompyuta aweza kuifanyia popote, mradi aifanye, na ofisini aje siku za kukutana. Bwana Mlowe akausoma, akautia kwenye droo.

"Hapa kwangu kazi ni kuonekana," akasema. "Asiyeonekana hafanyi kazi."

Siku zile mama yake Lutengano Sanga, mchoraji hodari kuliko wote pale, alipata kiharusi, akawa wa kitandani. Alikaa ng'ambo ya msitu wa misonobari, na hakuwa na mtoto mwingine. Lutengano akaingia kwa mkuu, mikono nyuma.

"Mkuu, naomba niwe nachorea kwa mama. Ramani zitafika kwa wakati. Nisipokuwepo, nani atamgeuza pale kitandani?"

"Pole sana, kijana wangu. Lakini nikikuruhusu wewe, kesho ukumbi huu utakuwa mtupu kama kanisa Jumatatu."

Afanyeje? Kazi akiiacha, dawa za mama atanunua na nini? Akaanza ujanja ambao wengi maofisini wanaujua. Asubuhi anafika, anatundika koti lake mgongoni mwa kiti, anakaa kidogo, kisha anapenya mlango wa nyuma, kompyuta kwapani. Jioni anarudi kulichukua. Naye alikuwa na koti hilo moja tu, zito, la kahawia. Koti likabaki ndani kwenye joto, mwenyewe akawa anakatiza msitu na shati, meno yakigongana.

Mkuu akiuliza, Editha Mgaya aliyekaa meza ya jirani humjibu, "Yupo, mkuu, katoka kidogo." Na ramani zilikuja safi. Bwana Mlowe akafurahi mno.

"Mwigeni Sanga!" akawaambia wengine. "Yule hainuki kitini!"

Sasa sikilizeni. Koti likaanza kushiba. Editha ndiye aliyeona kwanza: mabega yaliyokuwa yakining'inia yamejaa, na mikono ya koti imelala juu ya meza, wala hakuna aliyeiweka. Akasogeza meza yake mbali, asimwambie mtu. Bwana Mlowe yeye alikuwa akipita nyuma ya kile kiti na kusema, "Kamwene, Sanga," ndiyo salamu ya kule, na akaitikiwa, "Kamwene," kwa sauti nzito kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Anaendelea zake, moyo mweupe. Hata siku moja hakuzunguka mbele akamtazama usoni.

Ikafika siku ya ukungu, ukungu ule wa kuwasha taa mchana. Simu ikalia kwa Bwana Mlowe; ni mama yake Lutengano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mwanangu Lutengano yuko huko? Kwangu hajafika leo, na majirani wanataka kuingia msituni kumtafuta."

"Saa za kazi afike kwako kufanya nini, mama? Yupo hapa. Namwona kwa macho yangu."

Editha alisikia. Alijua Lutengano ameondoka tangu asubuhi. Akafungua kinywa, akakifumba. Akisema, mwenzake atafukuzwa. Maskini, alidhani anamsaidia.

Na mama wa watu akawaambia majirani, "Rudini makwenu, mkuu wake amemwona."

Alasiri simu ikalia tena.

"Baba, usinikasirikie, mimi mtu mzima. Mwanangu bado yupo?"

"Yupo, mama. Nimemsalimu sasa hivi, ameitika."

"Basi huyu anayeniita kutoka msituni tangu mchana ni nani? Sauti ni yake, baba. Na sasa inafifia."

Bwana Mlowe nywele zikamsimama. Akatoka, akaenda mpaka nyuma ya kiti.

"Kamwene, Sanga."

"Kamwene," koti likaitika.

Ndipo akaweka mkono begani. Bega likabonyea, mkono ukazama mpaka kwenye ubao wa kiti. Koti lilikuwa limelowa chepechepe, ndani ya chumba kikavu, na majani ya msonobari yamenasa kwenye mikono ya koti.

Editha akapiga ukelele. "Hayupo, mkuu! Katoka tangu asubuhi! Kila siku huwa hayupo!"

Walikimbilia msituni wote. Walimkuta mtaroni, karibu kabisa na nyumba ya mama yake, mguu umevunjika, na shati lake. Alikuwa amekwisha kata roho, mwili bado haujapoa. Wangekwenda mchana, wangemkuta akiongea.

Bwana Mlowe alikwenda mwenyewe kumwambia mama. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Hapana, baba. Wewe uliniambia yupo. Niletee huyo uliyekuwa unamwona."

"Mama, nisamehe..."

"Niletee."

Akarudi ofisini, akaja na lile koti, akalilaza kitandani kando yake. Mama akalipapasa kwa mkono wake mmoja mzima, kwenye kola, kwenye mikono, mpaka ndani ya mifuko, kama mtu anayemtafuta mtoto kwenye mashuka. Kisha akasema, "Koti kitini si mtu kazini, baba."

Bwana Mlowe aliutoa ule waraka kwenye droo siku walipomaliza matanga. Mwenye kazi ya kufanyia nyumbani akaenda nyumbani, na makoti yakatundikwa mlangoni. Dirisha la kioo akaliziba kwa pazia. Kila asubuhi akawa anampigia simu mmoja mmoja, na hakuuliza uko wapi. Aliuliza umeamkaje, akangoja jibu. Kile kiti hakukikalia mtu. Wanasema siku za ukungu ukikisalimu kinaitika, mimi sijajaribu wala sitajaribu.

Basi, Tumsifu mjukuu wangu, kesho mkuu wako akipiga kukujulia hali, usinune ukasema anakuchunga. Pokea, umwitikie kwa sauti yako mwenyewe. Yuko mama mmoja aliambiwa mwanawe anaonekana. Koti kitini si mtu kazini.